Ndoa, PACS au kuishi kinyumba: wapenzi wa jinsia moja Ufaransa wachague lipi?

Desemba 1997 mahakama ya juu ya Ufaransa, Cour de cassation, iliamua kwamba mwanamume aliyefiwa na mwenzi wake wa kiume hana haki ya kuendelea na mkataba wa pango wa nyumba waliyoishi pamoja, kwa sababu kuishi kinyumba, kwa maoni ya majaji, ni jambo la mwanamume na mwanamke. Miaka miwili haikutimia, Bunge likapitisha sheria ya 15 Novemba 1999. Sheria hiyo ilianzisha PACS, mkataba wa kiraia wa mshikamano, na papo hapo ikaandika kwamba wanaoishi kinyumba wanaweza kuwa wa jinsia moja. Ndoa ikafuata kwa sheria ya 17 Mei 2013, na harusi ya kwanza ikafungwa Montpellier tarehe 29 ya mwezi huohuo.

Leo wawili wa jinsia moja wana njia tatu, zote halali. Wengi huzipanga kama ngazi: unaanza kinyumba, unapanda PACS, unamalizia ndoa. Mpangilio huo unawapotosha. Zipo shida ambazo ndoa haizitatui hata kidogo, zipo ambazo PACS na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono vinatosha, na upo mlango mmoja wa uhamiaji ambao kuishi kinyumba huufungua na ndoa iliyochelewa haiufungui.

## Vigezo

Tunazipima njia hizi kwa maswali yaleyale: kuingia kunahitaji nini, pesa na nyumba ni za nani, mmoja akifa nini kinatokea, watoto ni wa nani kisheria, karatasi za ukaazi zinapatikanaje, kuachana kunagharimu nini, na siri inalindwa kiasi gani. Swali la kifo na la ukaazi yamepewa nafasi kubwa, kwa kuwa ndiko watu huumia zaidi.

Kuna ulinzi ambao hautegemei njia yoyote, basi usikubali kuolewa kwa ajili yake. Kumbagua mtu kazini, kwenye nyumba ya kupanga au katika huduma kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai: hadi miaka 3 jela na faini ya euro 45,000. Tangu sheria ya 31 Januari 2022, anayemwandama mtu mara kwa mara kwa maneno au vitendo ili "kumbadilisha" hadi akadhuru afya yake anakabiliwa na miaka 2 na euro 30,000. Amri ya ulinzi dhidi ya mwenzi mkatili hutolewa na jaji wa masuala ya familia kwa walio kwenye ndoa, PACS au kinyumba, hata kama hawakai nyumba moja. Malalamiko ya ubaguzi hupelekwa bure kwa Défenseur des droits, ambaye ana wawakilishi kila mkoa.

## Kuingia

Kinyumba: hakuna pa kujiandikisha. Baadhi ya ofisi za meya hutoa cheti cha kuishi pamoja, lakini hazilazimiki, na zikikataa mnaandika wenyewe tamko la kiapo na kulitia saini wote wawili. Kitakachowatetea siku ya siku ni ushahidi: mkataba wa pango wenye majina mawili, bili ya umeme ya pamoja, akaunti ya pamoja ya benki. Wekeni majina yote mawili kwenye bili ya umeme mwezi wa kwanza. Bili haitolewi kwa tarehe ya nyuma.

PACS: tangu 1 Novemba 2017 huandikishwa kwenye ofisi ya meya ya mahali mnapokaa, bure, au kwa notari kwa malipo. Mnahitaji makubaliano yaliyotiwa saini (fomu ya Cerfa namba 15726 inatosha), tamko la pamoja (15725), vitambulisho, na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa chini ya miezi 3 iliyopita. Cha nje ya Ufaransa chini ya miezi 6, na tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Mgeni huongeza cheti cha kutokuwa na PACS kutoka ofisi kuu ya usajili iliyoko Nantes, pamoja na certificat de coutume, yaani hati inayoeleza sheria ya nchi yake na kuonyesha kwamba ni mtu mzima asiye na ndoa. Lazima mfike wote wawili, kwa kuwa huwezi kumtuma mtu akuwakilishe. Tahadhari moja: ofisi ya meya hupiga mhuri makubaliano yenu na kuwarudishia, haibaki na nakala. Mkiyapoteza, mmepoteza ushahidi wa masharti yenu. Notari yeye huyatunza.

Ndoa: hufungwa kwenye ofisi ya meya ya mahali mmoja wenu amekaa angalau mwezi mmoja mfululizo, au anapokaa mzazi wa mmoja wenu. Faili linafanana na la PACS, ila hapa kuna mahojiano, tangazo linalobandikwa siku 10 kwenye ofisi ya meya, na mashahidi 2 hadi 4. Ndoa ya dini haitangulii ya kiserikali. Meya hawezi kukataa kwa kisingizio cha dhamiri. Baraza la Katiba lilisema hivyo tarehe 18 Oktoba 2013. Akishuku kwamba ndoa ni ya uongo, anapeleka faili kwa mwendesha mashtaka, ambaye ana siku 15 za kuamua na anaweza kusimamisha harusi mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine. Kukosa kibali cha ukaazi peke yake si sababu ya kunyimwa ndoa, ingawa ndiko shuku nyingi huanzia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jiwe la kujikwaa ni hiyo certificat de coutume. Sheria ya Ufaransa yenyewe haina shida na uraia wako: kifungu cha 202-1 cha sheria za kiraia kinaruhusu ndoa ya jinsia moja iwapo sheria ya nchi ya mmoja wenu, au ya nchi anakoishi mmoja wenu, inairuhusu. Mkenya na Mtanzania wanaoishi Lyon wanaweza kuoana. Mwaka 2013 serikali ilitaja nchi 11 zenye mikataba ya zamani na Ufaransa ambayo ilileta utata, zikiwemo Moroko, Algeria, Tunisia na Poland. Hakuna hata moja ya Afrika Mashariki, wala Kongo. Shida ni kwenda ubalozini kuomba karatasi. Usiandike jina la mwenzi wako kwenye ombi. Hati inahusu hali yako wewe na sheria ya kwenu. Kabla ya kwenda, iulize ofisi ya meya kwa maandishi kama itakubali hati iliyoandikwa na mwanasheria anayeijua sheria ya nchi yako, pamoja na kiapo chako cha kutokuwa na ndoa. Ofisi hutofautiana, na jibu la maandishi litakusaidia karani mwingine akija na sharti lake.

Mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa haendi ubalozini kabisa. Vyeti vyake vya kiraia hutolewa na OFPRA, ofisi ya kulinda wakimbizi. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi yuko pabaya zaidi: hana vyeti vya OFPRA, na kugonga mlango wa ubalozi wa nchi anayoikimbia kunaweza kudhoofisha ombi lake. Mara nyingi heri asubiri.

Na Mfaransa anayeishi Nairobi au Dar es Salaam na mwenzi wake? Ubalozi mdogo wa Ufaransa hauwezi kufunga ndoa hiyo nchi isiyoiruhusu. Kifungu cha 171-9 kinawaruhusu kufunga ndoa Ufaransa, kwenye wilaya alikozaliwa au alikoishi mwisho mmoja wao, au wanakokaa wazazi, na hapo pote pakikosekana, wilaya yoyote watakayochagua.

## Pesa na nyumba

Kinyumba, kila mtu na chake na kila mtu na deni lake, isipokuwa lile mlilotia saini pamoja. Kodi ya mapato kila mmoja hulipa peke yake. Msidhani hilo linawaficha machoni pa CAF, wakala wa misaada ya familia: kwa ruzuku ya nyumba au RSA, posho ya wenye kipato cha chini, mapato ya wanaoishi kama wapenzi hujumlishwa, cheti kiwepo kisiwepo. Posho ya watu wazima wenye ulemavu, AAH, ndiyo tofauti. Tangu 1 Oktoba 2023 haihesabu tena kipato cha mwenzi.

PACS iliyofungwa tangu 2007 huacha mali kila mtu na yake, msipoandika vinginevyo. Za kabla ya hapo zilikuwa na utaratibu tofauti wa umiliki wa pamoja, kwa hiyo wenye PACS ya zamani waisome upya. Mnasaidiana kulingana na uwezo, mnawajibika wote kwa madeni ya kawaida ya maisha, na mnalipa kodi ya mapato pamoja. Hesabu hiyo ya pamoja huwafaidi wenye vipato visivyolingana. Mkipata sawasawa, hamuoni tofauti.

Ndoa isiyo na mkataba hufanya kila kilichopatikana kwa jasho la mmoja ndani ya ndoa kiwe cha wote nusu kwa nusu, hata kama hati ina jina moja. Mwenye duka au biashara ya madeni afikirie mkataba wa kutenganisha mali, unaoandikwa kwa notari kabla ya harusi.

Pango: kwenye ndoa nyote ni wapangaji moja kwa moja, kwenye PACS mnakuwa hivyo mkiomba pamoja kwa mwenye nyumba, kinyumba ni mpaka wote mtie saini. Mpangaji akifa au akitoroka, aliyebaki anaendelea na mkataba katika hali zote tatu, ila wa kinyumba lazima athibitishe mwaka mmoja wa kuishi pamoja. Ule uamuzi wa 1997 umezikwa hapo.

Kwenye kununua nyumba, nje ya ndoa kinachosemwa na hati ndicho kinachobaki. Kosa la kila siku: mmoja analipa mkopo, mwingine analipa chakula, umeme na likizo, na hati ina jina la wa kwanza peke yake. Wakiachana, wa pili hana matofali hata mawili. Kinyume chake pia hutokea: hati ni nusu kwa nusu, mmoja amelipa mkopo wote, akidai arudishiwe mahakama inaweza kusema huo ulikuwa msaada wake wa kawaida kwenye PACS. Andikeni sehemu halisi siku ya kununua, kwa mfano 70 kwa 30.

## Mmoja akifa

Tuchukue mfano. Wawili wana nyumba ya euro 200,000, nusu kwa nusu, hawana watoto. Mmoja anafariki. Sehemu yake ni euro 100,000.

Kinyumba bila wosia, aliyebaki hapati kitu. Sehemu hiyo inakwenda kwa wazazi na ndugu wa marehemu. Kukiwa na wosia anapata, lakini sheria ya kodi inamwona ni mgeni: unatoa msamaha wa euro 1,594 kisha unakata asilimia 60 ya kinachobaki. Kodi yake ni euro 59,043 na ushee. Wengi huuza nyumba ili kuilipa. Bima ya maisha ndiyo njia ya kupunguza maumivu, kwa sababu hadi euro 152,500 kwa kila mnufaika husamehewa, kwa michango iliyotolewa kabla ya mwekezaji kutimiza miaka 70.

PACS bila wosia ni vilevile: hakuna urithi. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, wakidhani kuandikishwa ofisini kumewafanya warithi. Aliyebaki ana mwaka mmoja tu wa kukaa bure kwenye nyumba waliyoishi, na hata huo wosia unaweza kuufuta. Baada ya hapo anamiliki nyumba pamoja na mama mkwe asiyemtaka. Kukiwa na wosia, picha inageuka kabisa: bila watoto anaweza kuachiwa kila kitu, na tangu 2007 hakuna kodi ya urithi hata senti. Marehemu akiwa na watoto, wosia unaweza kugawa nusu ya mali kama mtoto ni mmoja, theluthi kama ni wawili, robo kama ni watatu au zaidi.

Wosia huo ni rahisi, na ndiyo maana unaharibika kirahisi. Uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe na saini. Uliopigwa chapa kisha ukatiwa saini haufai. Uliojazwa kwenye fomu ya kuchapishwa haufai. Wosia mmoja wa watu wawili, "sisi tunaachiana", ni batili. Kila mmoja aandike wake kwenye karatasi yake. Upelekeni kwa notari auandikishe kwenye daftari kuu la kitaifa, kwa sababu wosia wa kwenye droo huonwa kwanza na yule anayeifungua droo.

Ndoa humfanya aliyebaki kuwa mrithi bila wosia na bila kodi. Ila si kweli kwamba anachukua vyote. Marehemu asiye na watoto lakini aliyeacha wazazi wote wawili, mwenzi hupata nusu, na kila mzazi robo. Akibaki mzazi mmoja, mwenzi hupata robo tatu. Katika mfano wetu, basi, mjane bado anaweza kujikuta na wakwe ndani ya hati. Tiba yake ni wosia, au hati ya kuachiana mali inayoandikwa kwa notari. Kinachotofautisha ndoa ni haki ya kukaa kwenye nyumba hiyo maisha yote, na pensheni.

Pensheni ya mjane ni ya ndoa peke yake. Kwenye mfumo wa jumla ni asilimia 54 ya pensheni ya marehemu, kuanzia miaka 55, kwa kikomo cha kipato. Watumishi wa umma asilimia 50. Miaka 30 ya PACS haileti hata euro moja. Wapenzi wa umri wa makamo, mmoja akiwa na pensheni nono na mwingine aliyefanya vibarua, waanze na hesabu hii kabla ya nyingine zote.

## Watoto

Hapa ndoa ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mke wa mwanamke aliyejifungua hawi mzazi wa mtoto kwa sababu ya ndoa, kwa kuwa dhana ya baba ni mume haifanyi kazi kwa wawili wa jinsia moja. Sheria ya 2 Agosti 2021 ilifungua uzazi wa kusaidiwa kwa wanawake wawili na kwa mwanamke asiye na mwenzi. Wanawake hao wawili, waliooana au la, huenda kwa notari kabla ya matibabu, wanatoa ridhaa na kusaini tamko la kumtambua mtoto kwa pamoja. Tamko hilo hupelekwa ofisi ya meya wakati wa kuandikisha kizazi, na mtoto anakuwa na mama wawili. Wanaolisahau, au wanaojipandikizia mbegu nyumbani, huishia kwenye njia ndefu ya kuasili. Umri pia una mipaka: mayai hutolewa kabla ya kutimiza miaka 43, na atakayebeba mimba awe hajatimiza 45.

Kuasili kulikuwa kwa waliooana tu hadi sheria ya 21 Februari 2022. Sasa wa PACS na wa kinyumba wanaweza kuasili pamoja, wakithibitisha mwaka mmoja wa kuishi pamoja au wote wakiwa wamepita miaka 26. Kubebewa mimba na mwanamke mwingine ni marufuku Ufaransa kwa njia zote tatu.

## Karatasi za ukaazi

Mwenzi wa ndoa wa raia wa Ufaransa ana haki ya kibali cha "maisha binafsi na ya kifamilia", mradi aliingia na viza ya muda mrefu na maisha ya pamoja hayajakatika. Aliyeingia kihalali kwa viza fupi, akafunga ndoa Ufaransa na kuishi na mwenzi wake miezi 6 humo, anaweza kuomba kibali hicho akiwa hukohuko, bila viza ya muda mrefu. Baada ya miaka 3 ya ndoa anaweza kuomba kadi ya miaka 10, na baada ya miaka 4 uraia kwa tamko, au 5 ikiwa hakuishi Ufaransa miaka mitatu mfululizo tangu ndoa.

PACS haimpi mtu kibali moja kwa moja. Ni kipengele kimoja ambacho ofisi ya mkoa, préfecture, hupima pamoja na vingine, na kwa kawaida hutaka mwaka mmoja wa ushahidi wa kuishi pamoja, mwezi kwa mwezi. Faili hushindwa kwa mapengo: bili za Januari na Desemba zipo, katikati hakuna kitu. Uraia kwa PACS haupo. Ni njia ya kawaida ya kuomba baada ya miaka 5.

Ikiwa anayekaribisha si Mfaransa bali mgeni mwenye kibali, utaratibu wa kawaida wa kuunganisha familia ni wa waliooana tu, baada ya miezi 18 ya ukaazi halali na masharti ya kipato na nyumba. PACS haiingii.

Sasa ule mlango tuliousema. Mkimbizi aliyetambuliwa anaweza kumleta mwenzi wa ndoa au wa mkataba uliosajiliwa kama ulifungwa kabla ya tarehe aliyowasilisha ombi la hifadhi. Aliyekimbia Kampala hakuweza kusajili chochote. Sheria inamruhusu pia amlete mwenzi wa kinyumba mwenye umri usiopungua miaka 18, ikiwa kabla ya ombi waliishi pamoja kwa uthabiti na mfululizo. Bila masharti ya kipato wala nyumba. Kwa hiyo anachohitaji ni ushahidi wa kule nyuma: ujumbe wa simu wenye tarehe, miamala ya pesa kwa simu, picha, maelezo ya jirani anayeaminika. Na zaidi ya yote, awe amemtaja mwenzi huyo kwenye fomu na mahojiano ya OFPRA. Wengi huandika "sina mwenzi" kwa woga au aibu mbele ya mkalimani wa kwao, kisha neno hilo linawasubiri kwenye faili. Kama mkalimani anakutia hofu, sema. Unaweza kuomba mwingine.

## Kuachana

Kinyumba ni kufunga mizigo, na ugomvi ukiwepo ni wa mali au watoto tu. PACS huvunjwa kwa tamko la pamoja, au na mmoja peke yake kwa barua inayopelekwa na afisa wa mahakama, commissaire de justice. Mwenzake hana uwezo wa kuzuia. Hakuna fidia ya kupungukiwa maisha. Aliyeacha kazi ili alee watoto anaondoka kama alivyo.

Ndoa huvunjwa kwa talaka. Tangu 2017 mkikubaliana hamwendi kwa jaji: kila mmoja na wakili wake, siku 15 za kutafakari, kisha notari anaihifadhi hati. Gharama kubwa ni mawakili wawili. Msipokubaliana, mwaka mmoja wa kutengana unatosha kudai talaka kwa jaji, na mnyonge kiuchumi anaweza kupewa fidia. Ugumu wa kutoka ndio huo huo ulinzi wa anayeachwa.

## Siri na nyumbani

Tangazo la ndoa hubandikwa hadharani na milango ya harusi huwa wazi. PACS haina tangazo wala sherehe, ila kwa aliyezaliwa Ufaransa jina la mwenzi huandikwa pembeni mwa cheti cha kuzaliwa, kama ilivyo kwa ndoa. Kwa mgeni aliyezaliwa nje, PACS huandikwa kwenye daftari la Nantes. Cheti chake cha Mombasa au Bujumbura hakiguswi. Kinyumba hakuna daftari lolote.

Nchi nyingi za kwetu hazitambui chochote katika haya. Katiba ya Kenya ya 2010 na ya Kongo ya 2006 zinataja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Uganda ya 2023 imefanya kufunga ndoa ya jinsia moja kuwa kosa la hadi miaka 10 jela. Anayesafiri kwenda nyumbani asibebe kitabu cha familia wala kadi ya bima yenye jina la mwenzi, na picha za harusi zisikae kwenye simu anayopita nayo uwanja wa ndege.

Ndani ya Umoja wa Ulaya ndoa husafiri vizuri zaidi. Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua 5 Juni 2018 kwamba mume wa raia wa Ulaya ni mume kwa ajili ya haki ya ukaazi hata kwenye nchi isiyofunga ndoa hizo. PACS inategemea sheria ya nchi mnayohamia.

## Kwa hali yako

Mmeanza kukaa pamoja, kila mtu ana kazi, hakuna nyumba ya kununua: kinyumba kinatosha. Kusanyeni ushahidi, na kila mmoja amteue mwenzake kuwa mtu wa kuaminiwa hospitalini. Fomu hutolewa wakati wa kulazwa.

Mnanunua nyumba, hamna watoto, mnataka wepesi wa kutoka: PACS na wosia mbili, siku hiyohiyo. Mwajiri atawapa siku 4 za likizo kwa PACS kama kwa ndoa.

Mmoja anamtegemea mwingine kipato, au mnakaribia kustaafu: ndoa, kwa ajili ya pensheni na fidia. Mwenye biashara ya madeni apite kwa notari kwanza.

Mmoja ni Mfaransa na mwingine hana kibali cha kudumu: ndoa inatoa haki iliyo wazi, PACS inatoa hoja. Lakini mahojiano yatakuwa makali, na nyaraka za kuishi pamoja zinatakiwa vilevile.

Wanawake wawili wanaotaka mtoto: chagueni lolote, ila tamko la notari litangulie kliniki.

Mkimbizi mwenye mwenzi aliyebaki nyuma: usikimbilie ndoa. Fungua faili la kuunganisha familia kama wenzi wa kinyumba, na kama hukumtaja OFPRA, waandikie urekebishe kabla mwenzi wako hajaomba viza.

Mwenye familia asiyeweza kujua: kinyumba au PACS huacha alama chache. Uliza kwanza barua za kodi na bima zitatumwa anwani gani, maana kaka akija likizo anazisoma zikiwa juu ya meza.